Leso ya Stering

Njoki aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake ametuacha, nilikuwa jikoni kwangu hapa Nyeri nikisugua sufuria ya maziwa, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa sala. Lilikuwa swali ambalo Mama Kagio aliniuliza zamani nikiwa na mdomo umejaa githeri: "Na mtoto huwa amemwacha na nani?" Nikaanza kulia, halafu nikaanza kucheka, halafu yote mawili pamoja, povu mpaka viwikoni, hata mume wangu akaja mbio kuuliza kama nimeungua. Nikamwambia Mama Kagio amefariki. Akasema, "Yule wa Stering?" Nikamwambia ndiye. Kuna mengi ya ujana wangu ambayo sijamwambia mwanaume huyu wala sitamwambia, lakini ule mwaka mmoja wa Nanyuki anaujua wote, kwa sababu nikianza kuusimulia sina breki. Sasa nauandika. Sitaanza na nilizaliwa wapi wala baba alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo hayamhusu mtu. Naanza na ukuta wa mabati.

Ukuta huo ulikuwa wa video ya Haji, ukumbi wa kutazamia filamu, hatua chache kutoka mnada wa mifugo. Haji alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu mcha Mungu aliyezaliwa hapo hapo Nanyuki, na aliinunua televisheni ili watu wa mnada wasimalize siku yao kwenye pombe. Ndani kulikuwa na mabenchi kumi na moja, sakafu ya udongo, televisheni juu ya kabati lenye kufuli, na harufu ya mashuka, tumbaku na mbuzi ambayo hata leo nikiisikia natabasamu. Mabati yalikuwa yameshatumika kwingine, kwa hivyo yalikuwa na matundu ya misumari kila mahali, na upepo wa mlimani ulipita humo ukitafuta shingo za watu. Haji aliziba matundu ya ndani kwa magazeti. Kwa nje, kibanda cha chai cha Mama Kagio kilikuwa kimeegemea ukuta ule ule, na yeye akaziba ya upande wake kwa vipande vya sabuni, vile tunavyoziba mtungi unaovuja. Kile kilichokuwa karibu na stuli yake alikuwa akikibandika upya kila mara. Nilidhani ni upepo unamsumbua sikio.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kunyunyiza maji ili vumbi litulie, na kupanga mabenchi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha fomu four ambacho hakuna aliyekitaka. Mwenye kazi ya maana alikuwa Karis, dijei. Kanda zilikuja na Kizungu chake cha mbio, na watu wa mnada hawakuwa na haja nacho, basi Karis alikaa kwenye kijichumba cha mbao pembeni mwa televisheni, akapunguza sauti ya filamu, akashika maiki na kusema kila kitu kwa Kiswahili: nani ameingia, nani amepigwa, nani anamwambia nani nini. Ndani kulikuwa na spika mbili. Nje, juu ya mlango, kulikuwa na moja kubwa ya kuita wateja, na hiyo ilitoa sauti ya maiki peke yake. Mtu wa nje hakusikia milio ya filamu wala sauti za wenyewe. Alimsikia dijei tu. Tafadhali lishike hilo.

Jumamosi moja ya mnada Karis akaamka na matubwitubwi, mashavu yamefura mpaka mdomo haufunguki. Watu walikuwa wameshajaa, wanagonga mabenchi. Haji akanikuta na ufagio mkononi. "Wewe Nyambura, si umesoma?" Nikasema nimesoma. "Kizungu unasikia?" Nikasema kidogo. "Kidogo inatosha. Ingia, wallahi hawa watanivunjia mlango." Nikaingia kijichumbani, nikashika maiki. Niliposema maneno matatu tu, ukumbi ukalipuka. "Ati nini? Ni msichana!" "Toa huyo, leta mwanaume!" "Hii ni filamu ya vita, si ya kupika!" Ningeacha maiki nikimbie, kama si mzee Lemayian wa Doldol. Huyu alikuwa akileta ng'ombe mnadani, na kila Jumamosi alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Aligeuka nyuma taratibu akauliza, "Nyinyi mnasikiza na masikio ama mnasikiza na ndevu? Wacha mtoto aseme." Wakacheka, wakanyamaza, nami nikasema. Nusu nilielewa, nusu nilitunga. Karis alipona kwa wiki tatu, lakini aliporudi alikuta kiti chake kina mwenyewe, akaenda kwa dada yake Nyahururu kwa hasira.

Filamu zilizojaza mabenchi kuliko zote zilikuwa za watu wenye nguvu za ajabu, wale wanaopaa, wanaonyanyua lori kwa mkono mmoja, wanaopigwa na gari moshi na kujipangusa vumbi. Mwenye nguvu tulimwita Stering. Ndilo jina la mhusika mkuu katika kila video ya nchi hii, awe nani awe nani, na kila mtu alijua kwamba Stering hakufangi, yaani hafi hata afanywe nini. Aliyependwa na Stering nilimwita Mpenzi. Adui alikuwa Mkora. Majina hayo matatu yalitosha mwaka mzima. Kile kitambaa kirefu cha rangi ya damu ya mzee ambacho Stering alifunga shingoni kikapepea mgongoni sikukijua jina. Karis alikuwa akikiita koti. Mimi niliona si koti, nikakiita leso. "Stering anafunga leso yake mgongoni! Anakimbia! Anapaa!" Mzee Lemayian, aliyevaa shuka tangu azaliwe, hakuridhika hata siku moja. "Hiyo amefunga vibaya," alikuwa akisema. "Itamnyonga. Na chupi kwa nini iko nje?"

Halafu palikuwa na ile ya chai. Katika kila filamu, siwezi kukumbuka hata moja iliyokosa, kulikuwa na dakika ambapo Mkora amemteka Mpenzi, Mpenzi anapiga mayowe, na Mkora anamchapa kofi. Siku ya kwanza nilipokutana nalo sikujua la kusema, likanitoka tu: "Chai hiyo! Ya moto! Bila sukari!" Ukumbi ulianguka kicheko. Wiki iliyofuata waliingoja, na kofi lilipotua wakasema pamoja nami, benchi zote kumi na moja: "Bila sukari!" Ikawa ndiyo nembo yangu. Watu walitoka Naro Moru na Timau kuja kusikia. Wakitoka mapumziko walienda kwa Mama Kagio kuagiza chai bila sukari, wakipigana mabega, na hakuna hata mmoja aliyeinywa hivyo kweli. Nami nilitembea mjini kichwa juu. Nilikuwa na jina.

Mama Kagio aliitwa hivyo kwa sababu alikotoka ni Kagio, na hakukuruhusu usahau. Mchele ulikuwa wa Kagio au si mchele. Nyanya zilikuwa za Kagio au zilikuwa maji mekundu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mpana, kicheko chake kinaanzia tumboni, na Njoki akiwa mtoto mchanga alikuwa mgongoni mwake kutwa nzima ndani ya leso iliyopauka. Mchana kabla ya filamu nilikula kwake, githeri ya mahindi na maharagwe yenye parachichi lililopondwa juu, na kikombe cha chai ambacho alikijaza mpaka kinamwagika kwa sababu, alisema, mtu anayeongea sana hukauka. Mwanamke hakuwa akiingia video. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, ila hakuingia, na Mama Kagio alikuwa amekaa mgongo wake ukigusa ukuta ule kwa miaka bila kuona hata picha moja. Siku moja akaweka mwiko chini.

"Nyambura, nikuulize kitu."

"Uliza, Mama."

"Huyu Stering wako. Na mtoto huwa amemwacha na nani?"

"Mtoto gani?"

"Si wa kwa leso! Ama huwa anapaa na yeye? Maana jana umesema Mkora amemrusha akagonga ukuta na mgongo. Nikashtuka nikasema, wuui, mtoto!"

Kijiko changu kilibaki hewani. Nilimtazama, nikaitazama leso yake, na nikaelewa yote kwa mara moja. Kizungu kila hatua kinakuambia huyu ni mwanaume, huyu ni mwanamke, hakikuachi upumue. Sisi hatusemi. Anapaa. Anapiga. Ameokoa. Kikuyu chetu nacho hakisemi. Sikuwa nimewahi kutamka neno mwanaume katika maiki ile, kwa nini nitamke na wote ndani wanaona? Na nje ilitoka sauti ya msichana ikisema, "Mimi ndio Stering! Simama hapo hapo!" pamoja na leso mgongoni. Kwetu leso mgongoni ni ya nini? Mama Kagio alikuwa amesikia habari za mama mmoja mwenye nguvu, na mpenzi wake.

"Na huyo bwana yake," akaendelea, akijifuta mikono, "ni bure kabisa! Jumanne ametekwa, Jumamosi ametekwa. Kazi ni kulia tu, nisaidie, nisaidie, mwanaume mzima! Mimi ningekuwa Stering ningemwacha huko juu ya gorofa siku moja tu, ashuke mwenyewe. Na wakati huyo Mkora anamwekea chai, mimi nacheka! Sema tena hiyo, ya bila sukari!"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaona vile anavyocheka, mabega yote mawili, Njoki akirukaruka mgongoni kwa kile kicheko, nikaufunga. "Mtoto huachwa kwa nyanya yake," nikasema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sawa," akasema, akanijazia kikombe.

Aki, aliniharibia kazi. Kuanzia siku hiyo sikuweza kutazama kanda bila kuigeuza kama Mama Kagio alivyoigeuza. Nikiwa kijichumbani nilimfikiria Mpenzi kuwa mwanaume wa kimo cha Haji, ananing'inia ukingoni mwa gorofa kwa vidole, anapiga kelele, viatu vimemtoka, na mwanamke anakuja kumchukua kwapani kama kuku. Nilicheka peke yangu mpaka nikakosa kusema. Lakini nikitoka hapo nilijiuliza, mbona kinyume chake hakikuchekesha mtu? Tumekitazama wiki baada ya wiki tukila karanga. Mpenzi hakuwa na kazi nyingine kwenye filamu ila kutekwa, kupigwa na kufuatwa. Hata hakuulizwa mambo yake. Ukitoa mayowe yake hakubaki na kitu cha kutafsiri, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, kwa hivyo najua.

Jumatatu moja nikamkuta Mama Kagio jicho limefura, la zambarau. "Nimegonga mlango," akasema kabla sijauliza, akaendelea kukanda unga. Mumewe, Baba Njoki, alikuwa fundi wa vitanda kwenye kichochoro cha nyuma, mtu wa watu, mchangamfu, mwenye kuwanunulia wengine chai, mteja wetu wa benchi la tatu. Mji mzima ulijua mlango ule ni upi. Nilikunywa chai yangu, nikasema pole, nikaenda kazini. Ndivyo ilivyokuwa. Sitajifanya hapa kwamba nilikuwa bora.

Jumamosi ya wiki ile ile, saa ya mapumziko, wanaume walimzunguka Mama Kagio na vikombe vyao. Njoki alikuwa analia, maziwa yanataka kumwagika, naye alichelewa kumpa mumewe chai. Baba Njoki akainua kikombe kitupu juu ili wote wakione. "Mama Njoki," akasema, akitabasamu, "unataka nikupatie ile ya Nyambura? Bila sukari?" Wakapasuka wote. "Bila sukari!" Mmoja akapiga meza. Mama Kagio alicheka pia, kwa mdomo tu, macho ndani ya sufuria. Halafu Baba Njoki akanigeukia na kuniinulia kidole gumba, vile mtu anavyomsifu fundi mwenzake. "Dijei, wewe ni moto!"

Nilisikia aibu mpaka kwenye meno. Yalikuwa maneno yangu. Niliyatunga mimi, nikayapiga spika, yakatoka juu ya mlango yakazunguka mji, yakaingia nyumbani kwa Mama Kagio kabla yake. Walipoondoka nilibaki nimeshika kikombe nisijue pa kukiweka. Mama Kagio hakunitazama. Alikuwa anabandika sabuni yake ukutani kwa kidole gumba. "Jumapili ya wiki ijayo nikitoka kanisa nitakuja," akasema.

"Wapi?"

"Huko ndani. Kumwona Stering. Nimesikiza ya kutosha, nataka kuona na macho."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Ijumaa Haji alipotoka msikitini nilimweleza yote, ya leso, ya mtoto, ya bwana anayetekwa, na ya jicho. Alinisikiliza akihesabu tasbihi. Alicheka aliposikia ya mtoto, lakini aliposikia ya jicho akaacha. "Iko filamu moja Stering ni mwanamke," akasema. "Sijawahi kuiweka." Akaitoa chini ya kabati, tukaiweka tukiwa wawili, mlango wazi. Mwanamke huyo alipaa kweli, akapiga watu kweli, lakini alikuwa amevaa kinguo cha kuogelea na buti. Haji akageuza uso ukutani. "Astaghfirullah. Yule mwanaume amefunikwa kutoka shingo mpaka kidole cha mguu, chupi hata iko na akiba juu. Huyu wamekosa kitambaa?" Nikasema pengine hasikii baridi. "Kwa Nanyuki?" akasema. "Mama wa watu atoke kanisa aone hii? Hapana. Weka ile ya kila siku."

"Basi Haji, naomba niache ile ya bila sukari."

"Watu wanakuja kwa hiyo, Nyambura."

"Najua."

Akazungusha tasbihi mzunguko mzima. "Karis amenitumia salamu, anataka kurudi. Mimi sina maneno na wewe. Lakini Jumapili ukinitolea watu kwa mabenchi, Jumatatu yeye atakuwa hapo." Hakusema kwa ubaya. Ukumbi ule ulikuwa umesimama juu ya kicheko changu, na sote wawili tulijua.

Jumapili mchana Mama Kagio akaja, Njoki mgongoni, pamoja na wanawake watatu wa kanisa lao wenye vitambaa vyeupe kichwani. Wakasimama mlangoni. Mzee Lemayian, aliyekuwa amelala mjini tangu mnada, akasimama, akapangusa benchi la mbele kwa shuka yake, akasema, "Kaa hapa, mama," akaenda kuketi sakafuni. Kutoka benchi la tatu Baba Njoki aliita kwa kicheko kisichokomaa, "Umefuata nini huku?" Akamjibu bila kugeuka, "Nimefuata Stering."

Niliwaona wote kupitia kitundu cha kijichumba changu. Filamu ikaanza. Stering akatokea, kidevu, kifua, misuli na kila kitu, leso inapepea. Nikasema kwa sauti ndogo, "Ndiye huyu, Stering." Mama Kagio akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Na huyu mwanaume mbona amevaa leso ya wenyewe?" Walicheka mpaka Haji akachungulia kuona kama kuna vita. Mzee Lemayian alikuwa anapiga sakafu kwa fimbo. "Mimi nimesema kila siku! Hiyo si yake! Hata kuifunga hajui!" Nilicheka nami, nikapumua. Nikafikiri hatari imepita, kumbe hatari yenyewe ilikuwa dakika arobaini mbele, nami nilijua dakika yake hasa.

Mkora akamvuta Mpenzi kwa nywele ndani ya ofisi ya juu ya gorofa. Nilisikia mabenchi yakivuta pumzi, watu kumi na moja mara saba, wakiningoja. Badala ya kusema nilinyoosha mkono nikapandisha sauti ya filamu yenyewe. Hawakuwa wameisikia sauti hiyo wakati kama huo hata siku moja. Paa. Kofi likajaa ukumbini, kavu, na nyuma yake mwanamke akalia kilio cha kawaida kabisa, kama cha jirani. Mtu mmoja nyuma alisema, "Bila suka..." akaishia hapo peke yake. Kwenye kioo Mpenzi akainua uso, mdomo wake unasogea, alikuwa anaomba nadhani, ndilo walilompa aseme. Nikashika maiki.

"Umenipiga," nikasema. "Hii si chai. Huu ni mkono wa mtu kwa uso wa mtu. Na sijagonga mlango. Ni wewe. Na hawa watu wote wamekuona."

Mdomo wa Mpenzi ulikuwa umeshafungwa na Mkora anacheka, lakini nilikuwa nimemaliza. Mama Kagio alitazama mbele tu. Mmoja wa wale wanawake wa kanisa ndiye aliyegeuka kwanza, kichwa chake cheupe kikazunguka polepole mpaka benchi la tatu, kikasimama hapo. Halafu mzee Lemayian akageuka kutoka sakafuni. "Ni kweli," akasema, bila haraka. "Tumeona." Wakageuka wengine, wawili, watano, benchi nzima. Baba Njoki alikaa kidogo na tabasamu lake, likakosa pa kwenda. Akanung'unika kitu kuhusu mbao zinazomngoja, akapita katikati ya magoti ambayo hayakumpisha upesi. Wakati huo Stering aliingia kwa dirisha, vioo vikaruka, akamtwanga Mkora kwa dakika kumi nzima, na hakuna aliyepiga makofi. Mama Kagio akasema, "Huyu amechelewa."

Sitaki kudanganya kwamba hotuba ya msichana kwenye maiki humbadilisha mtu. Haimbadilishi. Jumanne iliyofuata Mama Kagio aligonga mlango wa chumba changu, Njoki mgongoni, sufuria kubwa kichwani, na jiko mkononi, akakaa nami hadi mwaka ulipoisha. Lakini Baba Njoki alipokuja kibandani kumdai, aliwakuta wale wale aliokuwa akicheka nao, na hakuna aliyesogea kwenye benchi. Mzee Lemayian akamwuliza, "Umekuja kwa chai?" Akasema amekuja kwa bibi yake. "Chai iko," mzee akamwambia. "Bibi hayuko." Naye Mama Kagio alikuwa amesimama pale pale, ana mwiko mkononi. Baba Njoki alirudi mara mbili zaidi, halafu akaacha. Kuhusu maiki, Karis alirudi kweli, kwa sababu nusu ya watu walitaka chai yao. Alipewa siku za wiki. Mimi nikapewa Jumapili, maana kuanzia siku ile wanawake walikuja, na walikuja na mandazi, na walikuwa na maswali mengi kuliko filamu yenyewe. Sisi watatu chumbani tulikula wali wa Kagio kila Ijumaa, tukalala kitanda kimoja kilichotengenezwa, nasikitika kusema, na Baba Njoki. Ulikuwa mwaka mzuri. Kutoka maiki ile nilipata ya redio, na mdomo huu umenilisha hadi leo. Lakini ukweli kuhusu Stering hatukuuzungumza. Mama Kagio hakuwahi kusema kwamba alikosea, nami nikaona haya kumwambia kwamba nilimwacha akosee. Nilibeba hilo miaka yote.

Tumemzika huku Tetu, kwenye shamba lake mwenyewe, majani ya chai upande wa juu, ng'ombe wawili wa maziwa upande wa chini, hati ikiwa na jina lake. Nilifika mapema. Sebuleni televisheni ilikuwa inaonyesha moja ya hizi filamu za siku hizi, sauti imezimwa kwa heshima ya msiba, na humo wanawake wanapaa kwa wingi, wamevaa nguo kamili, wanatwanga watu sawasawa na wanaume. Nilifurahi, nisiseme uongo. Ila niliona kwamba wamepewa ngumi zile zile tu, na bado hakuna anayeulizwa mtoto ameachwa na nani. Wakati huo kitu kikanipita mbio kuelekea uani. Alikuwa binti wa Njoki, mjukuu aliyemwita Mama Kagio Cucu, miaka sita hivi, mikono imenyooshwa mbele, leso kuukuu iliyopauka imefungwa shingoni. Na ndani ya leso, mgongoni, alikuwa amefunga mwanasesere. Nikamwita, nikamwuliza huyo ni nani. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Ni mtoto wa Stering. Cucu alisema Stering lazima akuwe na mtoto."

Nilimfuata Njoki jikoni, alikokuwa anapimia wapishi majani ya chai, nikamwambia yote pale pale, sikuweza kungoja. Nikamwambia kwamba mama yake alidanganyika kwa sababu yangu, kwamba Stering alikuwa mwanaume siku zote, na kwamba nilikosa ujasiri wa kumrekebisha. Njoki alinitazama, mkebe mkononi.

"Lakini Auntie, mama alijua."

"Alijua nini?"

"Si kulikuwa na kashimo kwa mabati? Alikuwa anatoa sabuni anachungulia. Siku ya kwanza tu ulianza kusema, aliangalia. Akaona jamaa mkubwa na chupi nje. Akarudisha sabuni. Alikuwa anasema yule wako ni mzuri kuliko."

Nilitafuta stuli nikaketi. "Na ile ya mtoto? Kwa nini aliniuliza?"

"Alisema ulikuwa unafurahia sana hiyo chai yako. Akakuuliza ya mtoto ndio ujue kuna mtu huku nje anasikiza."

Nje walianza kuimba, na mtoto wa Stering alipita tena mlangoni, ananing'inia kidogo upande mmoja. Nikauliza kuhusu ile Jumapili, ingawa nilishaanza kulijua jibu. Njoki alisema mama yake alikuja kukaa mbele yangu aone kama nitasema ile ya bila sukari akiwa ameketi hapo.

"Na kama ningesema?"

Njoki alifunga mkebe wa majani, akafikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka maneno ya mwenyewe sawasawa.

"Alisema angekupatia chai yako kila siku, vile vile, imejaa. Lakini hangekuuliza kitu tena."